Blanketi Lisimguse Mtoto

Jumatatu, 2 Juni

Nesi wa kliniki kanipa daftari hili niandike Kijiko amenyonya mara ngapi kwa siku na amelowesha nepi ngapi. Leo: kunyonya mara nane, nepi sita. Uzito uko pale pale, wiki ya tatu sasa. Nesi alitazama mzani, akautikisa, akampima tena, kisha akasema, "Mama, huyu anachokula chote kinaishia kupigana na baridi. Mtie joto. Mapafu ya hawa waliozaliwa mapema hayana subira." Aliyasema kwa upole, lakini moyo ulinidondoka pale sakafuni na sijui kama nimeuokota wote.

Kijiko si jina lake. Tulimwita hivyo kwa sababu alizaliwa kabla ya siku zake, tukamnywesha kwa kijiko mwezi mzima. Siku kumi na tisa alilala kwenye sanduku la joto wodini, nami nikimtazama kwenye kioo. Sasa ana miezi mitano na sanduku ni mimi.

Nesi hakusema nisiandike mambo mengine. Kurasa ni nyingi.

Alhamisi, 5 Juni

Kunyonya mara saba. Nepi tano. Alfajiri vidole vyake vilikuwa na rangi ya zambarau. Nilivitia mdomoni mwangu, vitano kwanza, halafu vitano vingine.

Jumapili, 8 Juni

Kunyonya mara nane, nepi sita.

Chumba chetu kina vitanda viwili na dirisha moja ambalo kioo chake kimepasuka, tumeziba kwa kadibodi. Kitanda kimoja changu na Kijiko, cha pili cha mama mkwe. Alikuja kutusaidia niliporudi kazini. Mimi nafunga mikate kiwandani, naingia saa kumi na moja alfajiri. Kabla sijatoka namhamisha mtoto kitandani kwa bibi yake, namwachia maziwa niliyokamua. Mama hajui kuandika, kwa hiyo kila mtoto akinywa anaweka njiti ya kiberiti kwenye kisahani, nami nikirudi nahesabu njiti.

Kusema kweli namwogopa kidogo. Ana maneno machache na yote yana makali. Ana sukari, anameza vidonge vyake bila kuguna, na ukimwuliza hali anakwambia, "Nipo, si unaniona?"

Leo alitaka kuingiza jiko la mkaa chumbani tulale nalo. Nikasema hapana, watu wanalala na jiko na asubuhi hawaamki.

"Sisi tumekulia na jiko chumbani."

"Na dirisha lenu, mama, lilikuwa limefungwa hivi?"

Akafikiri. "Halikuwa dirisha. Lilikuwa tundu, paka anapita."

"Basi ndiyo maana uko hai."

Nilidhani atanigombeza. Alicheka, akalitoa jiko nje.

Baba Kijiko alipiga simu jioni kutoka huko wanakojenga daraja. Kasema ninunue blanketi la umeme. Nikamwambia naogopa umeme karibu na mtoto. "Wewe," kasema, "unaogopa hata kivuli chako kisikukanyage."

Jumatano, 11 Juni

Kunyonya mara nane. Nepi saba.

Nimekwenda dukani na fundi umeme wa mtaa wetu. Tunamwita Cheche. Nyusi yake moja iliungua zamani na haikuota tena, kwa hiyo siku zote anaonekana kama mtu anayekushangaa nusu. Nilimchukua kwa sababu aliyewahi kuungua hatanidanganya.

Dukani walikuwa na aina tatu. Moja ni la kujifunika, zito, laini kama paka. La pili ni la kutandika chini ya shuka, jembamba, lina swichi yenye namba moja, mbili, tatu. La tatu si blanketi, ni mfuko wa mpira wa kutia maji ya moto. Muuzaji alinikumbatisha lile la kujifunika.

"Hili, dada, wateja wangu wanaliita mume."

"Linajizima lenyewe?" Cheche akauliza.

"Halizimi, linapasha usiku kucha."

"Basi huyo mume atakuunguza ukiwa usingizini. Lete la kutandika."

La kutandika linajizima baada ya saa tatu. Cheche alilikunjua lote mezani, akalipapasa kwa kiganja kuanzia kona hadi kona, akiufuata waya kwa vidole kama daktari anayetafuta mshipa. Mfuko wa mpira niliuacha. Niliona maji yanayochemka yakimmwagikia Kijiko, nikaliona jambo hilo kabisa, mpaka ngozi.

Ndani ya boksi kuna karatasi. Maneno yake ni madogo kama mchanga na ya lugha nisiyoijua. Kuna picha: mtoto mchanga amepigwa mkasi mwekundu wa kukataza, pini imepigwa mkasi, blanketi lililokunjwa limepigwa mkasi. Nikamwuliza Cheche maneno yanasema nini. Akayatazama kwa ile nyusi yake. "Ni yale yale ya picha." Sidhani kama aliyasoma.

Jumamosi, 14 Juni

Kunyonya mara nane. Nepi sita.

Nilitandika blanketi kwenye kitanda changu nikaliwasha namba moja, nikalala juu yake peke yangu mchana kulijaribu. Joto lilipanda taratibu mgongoni, zuri kama mkono wa mtu. Ndipo nikaogopa zaidi. Kitu kizuri namna hiyo, mtoto hatakilalamikia mpaka kimemuumiza. Yeye hawezi kujifunua, hawezi kusema "mama, limezidi."

Nikaamua. Blanketi liwe la mama mkwe. Kitanda chetu nakipasha nalo jioni, nachomoa, nalitoa, ndipo Kijiko aingie. Kisha linakwenda kwa mama, alale nalo. Nikija kumleta mtoto alfajiri, liwe limezimwa.

Karatasi nimeibandika ukutani. Nikamwonyesha mama ile picha ya mtoto.

"Mama, hili ndilo neno kubwa. Blanketi lisimguse mtoto."

"Nimesikia."

"Hata likiwa la vuguvugu tu."

"Nimesikia, mwanangu. Masikio hayajafa." Akajipapasa magoti. "Kilichokufa ni huku chini. Baridi naisikia mpaka hapa magotini, kutoka hapo kwenda chini hamna habari."

Tukacheka wote.

Jumatatu, 16 Juni

Kunyonya mara nane. Nepi saba. Mikono yake ina rangi ya mikono.

Jumanne, 17 Juni

Mara tisa! Nepi saba.

Alhamisi, 19 Juni

Mara nane. Nimekuta ndala moja ya mama kwenye korido na mama mwenyewe yuko jikoni amevaa moja tu. "Mama, nyingine umemwachia nani?" Akatazama mguu wake kama mguu wa jirani. "Kumbe," akasema.

Jumapili, 22 Juni

Mara saba. Nepi tano. Baridi imekaza. Ukuta wa upande wa dirisha unatoa jasho.

Kiwandani mimi nasimama hatua nne kutoka kwenye tanuri. Natoka jasho, na kila tone linanisuta. Kila mkate ninaouingiza mfukoni una joto kuliko mwanangu. Na sasa nina hofu mpya: mama akiona baridi, si atawasha blanketi huku mtoto yuko ubavuni mwake? Mtu mzima akishikwa na baridi alfajiri ataikumbuka picha ya ukutani? Namwona amesinzia, swichi iko namba tatu, mtoto amejiviringisha akaingia katikati. Leo nilifunga mikate kumi na miwili bila vibandiko, msimamizi akanirudishia yote. "Wewe mwili uko hapa, roho umeiacha wapi?"

Nilimwuliza mama nilipofika. "Mama, asubuhi uliliwasha?"

"Lilikuwa mbali na mtoto."

"Lakini uliliwasha?"

"Mama Kijiko. Ungekuwa askari wa forodha ungetajirika."

Sikulala vizuri.

Alhamisi, 26 Juni

Leo mashine ya kukanda unga iliharibika, tukarudishwa nyumbani saa moja asubuhi. Naandika hapa jambo la aibu: nilinyata. Nilivua viatu mlangoni, nikafungua taratibu kama mwizi wa nyumba yangu mwenyewe, ili nimfumanie mama mkwe.

Walikuwa wamelala. Kijiko juu kabisa, kifuani kwa bibi yake, ndani ya khanga mbili na sweta. Nilipitisha mkono chini yake: shuka tu, halina joto ila lao wenyewe. Blanketi lilikuwa kule mwisho wa kitanda. Mama alikuwa amelikunja mara nne likawa kama mto mdogo, ameliweka chini ya miguu yake, mbali na mtoto kadiri kitanda kinavyoruhusu. Swichi iko mbili.

Nilisimama pale nikalia. Mwanamke mzima amejinyima joto la mgongo na la kiuno, amelibana lote kwenye nyayo, ili asivunje neno langu. Na mimi nimekuja kunyata. Nilirudi nje, nikavaa viatu, nikaingia upya kwa kelele.

Kunyonya mara nane. Nepi sita. Kuanzia leo sitamshuku tena.

Ijumaa, 27 Juni

Mara tisa. Nepi saba. Nimemnunulia mama soksi nzito za sufu. Amezivaa hapo hapo.

Jumapili, 29 Juni

Mara nane. Mama amelala na soksi na ameshinda nazo. Anasema zimempenda.

Jumanne, 1 Julai

Nitaandika yote, maana nikiyaacha kichwani yatanimaliza.

Nimerudi saa nane mchana. Nikaenda kutandika kitanda cha mama, nikaona doa kwenye shuka. La manjano, limelowa katikati, pembeni limekauka. Linanuka vibaya kidogo. Sikufikiri kitu kingine: Kijiko. Nilimnyakua mikononi mwa bibi yake nikamvua kila kitu pale pale kwenye baridi. Nilitazama nyuma ya masikio. Chini ya kidevu. Makwapa, mikunjo ya mapaja, katikati ya kila kidole, nyayo, mgongo wote kwa ncha ya kidole changu. Alilia mpaka akawa mwekundu. Mama alikuwa anasema, "Unamfanya nini mtoto? Utamtia homa." Nikamgeuza tena. Hakuwa na hata alama ya mbu.

Nikamvalisha, nikamkumbatia, nikacheka kama mwendawazimu. Hajaungua! Nikamwambia mama, "Hajaungua!" Mama hakucheka. Alikuwa amerudisha miguu nyuma, chini ya kiti.

Ndipo likaja swali. Kama si mtoto, maji yale ni ya nani?

"Mama, vua soksi."

"Nina baridi."

"Mama yangu, vua soksi."

"Kesho."

Nilimweka Kijiko kitandani nikapiga magoti. Nilimshika mguu wa kulia, hakuniangalia, aliangalia kadibodi ya dirishani. Soksi ilikuwa imegandia kwenye ngozi. Nilileta maji nikailowesha, nikaivuta kidogo kidogo, huku nikisema pole mama, pole mama, na kila nikisema pole nilikuwa namtazama usoni kuona kama naumiza. Uso wake haukubadilika hata mara moja. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko nilichokiona. Ngozi ya kisigino ilitoka pamoja na soksi, na yeye akaniuliza, "Umemaliza?"

Kisigino kizima kilikuwa kidonda. Malengelenge yamepasuka. Kidole cha mwisho kimevimba, kimeiva, kinatoa usaha. Mguu wa kushoto ulikuwa mzima.

"Tangu lini, mama?"

"Niliona Ijumaa nikioga. Nikadhani ni ndala."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili iweje? Hofu zako zimeshajaa kapu, nikuongezee na ya kwangu? Ungeacha kazi ukae nyumbani. Mtoto angekula nini?" Nilipofungua mdomo akanyoosha kidole. "Na usinisomee methali ya mficha maradhi. Naijua, nimezeeka nayo."

Cheche ndiye aliyetubeba mpaka hospitali. Daktari alimchoma mama kwa sindano kwenye nyayo, hapa, hapa, na hapa, akamwambia afumbe macho aseme akisikia. Mama alifumba macho akangoja, amekaa wima kama mwanafunzi anayesubiri swali. Alikuwa ameshachomwa mara sita.

"Ni sukari," daktari akaniambia. "Mishipa ya fahamu imekufa miguuni. Joto ambalo wewe ungeruka, yeye amelilalia saa tatu kila siku. Na likikunjwa joto linajibana mahali pamoja. Mtu kama huyu halali juu ya blanketi la umeme. Hamkusoma maelezo?"

Nilikuwa na karatasi ile mkobani, nimeibandua ukutani bila kujua kwa nini. Akayasoma yale maneno ya mchanga kwa kidole, akanionyesha mstari unaowataja wenye sukari. Kumbe upo. Mstari wa tatu tu.

Kulikunja blanketi nilikuona. Alhamisi, nilisimama nikakuona kwa macho yangu nikalia kwa furaha. Picha ya kukunja niliibandika ukutani mimi mwenyewe. Sikuiona, kwa kuwa niliogopa ile ya mtoto peke yake.

Wamemlaza. Kunyonya sikuhesabu. Kisahani kina njiti tano.

Ijumaa, 4 Julai

Mara saba. Nepi tano.

Msimamizi kanipa siku kumi. Nashinda wodini na Kijiko mgongoni, jioni tunarudi. Baba Kijiko alipiga simu. Nilimweleza. Akasema, "Nilikuachia mama yangu." Maneno hayo tu. Ningependa angenitukana.

Jumatatu, 7 Julai

Kidole cha mwisho kimekuwa cheusi. Daktari anasema lazima kitolewe kesho, na baada ya hapo watatazama kama ubaya umeishia kwenye kidole au umeshapanda. Ukiwa umepanda watakata mguu, chini ya goti. Aliweka kiganja chake kama msumeno kwenye mguu wake mwenyewe kunionyesha. Laiti asingenionyesha.

Mama alisikia. "Kidole hicho hata sikukitumia," akamwambia. Daktari alicheka. Mimi niliona mkono wa mama umeshika shuka.

Jumanne, 8 Julai

Wamekitoa.

Jumatano, 9 Julai

Kunyonya mara saba. Tunangoja.

Alhamisi, 10 Julai

Baba Kijiko amefika, na vumbi la saruji kwenye nyusi. Alikaa na mama yake saa nzima, nikawaacha. Alipotoka alisimama karibu nami koridoni.

"Mama ameniambia karipio langu nilirudishe nilikolitoa. Anasema angekuwa na mkwe asiyeogopa, mjukuu wake angekuwa ameungua."

"Na wewe wasemaje?"

"Blanketi niliagiza mimi," akasema. "Na sukari ya mama naijua kabla sijakujua wewe." Akamchukua Kijiko mgongoni kwangu, akamshika vibaya, kama tofali.

Jumapili, 13 Julai

Mara nane. Nepi sita. Kesho wanafungua bendeji kutazama. Nimefua nguo zote za mama, na zile safi nimezifua tena. Nikilala naota msumeno. Nikiamka najiuliza atamshikaje mtoto kwa mguu mmoja, halafu naona haya kwamba hata sasa ninamfikiria mtoto kwanza.

Jumatatu, 14 Julai

Saa tatu walivuta pazia. Mama alinifukuza. Tangu siku ile ya soksi hataki niuone wala niuguse ule mguu, wanaugusa manesi tu. Nilisimama nje ya pazia nikiona viatu vya daktari chini. Havikusogea. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikapoteza hesabu, nikaanza tena. Kijiko alikuwa amelala, mdomo wazi, hana habari.

Viatu vikageuka.

"Nyama ni nyekundu," daktari akasema. "Imesafika. Mguu unabaki."

Nesi alimchukua mtoto kwanza ndipo akaniacha nikae sakafuni.

Jumamosi, 19 Julai

Mama amerudi nyumbani. Nesi wa kliniki atakuja kumsafisha kidonda. Baba Kijiko amebadilisha kioo cha dirisha kabla ya kurudi darajani. Kunyonya mara nane, nepi saba.

Jumanne, 22 Julai

Baridi haijaondoka. Mama kasema, "Hilo lidude liuze."

"Nimuuzie nani, mama? Nitamwuliza kila mteja habari za miguu yake?"

"Wewe utamwuliza mpaka na za babu yake."

Jumapili, 27 Julai

Kunyonya mara tisa. Nepi saba. Uzito umepanda gramu mia tatu tangu mwezi uanze. Nesi aliutikisa mzani tena, nikaona haamini.

Nimerudi kazini, naingia saa mbili asubuhi sasa, msimamizi amekubali. Hatumhamishi tena mtoto gizani. Na jioni hii nimelitoa blanketi kabatini. Nikachomeka plagi. Nimelitandaza kitandani kwa mama bila mkunjo hata mmoja, namba moja, nikakaa ubavuni mwake kwenye kiti sikuondoka. Saa moja ilipotimia nikachomoa, nikalitoa kabisa mpaka chumba cha mbele, nikarudi nikalaza shavu langu kwenye shuka, kutoka kwenye mto hadi mwisho. Vuguvugu tu. Nikarudia kwa shavu la pili.

"Umemaliza kulibusu godoro?" Mama alikuwa mlangoni, ameegemea fimbo.

Nilimsaidia kukaa. Nikamshika mguu wa kushoto, ule mzima, kwa mikono miwili.

"Unasikia, mama?"

"Sisikii kitu."

"Uko baridi kabisa."

"Mimi nitajuaje?"

"Uniulize mimi. Kila siku uniulize."

Nikausugua mguu mpaka ukapata joto, nikauingiza chini ya shuka. Nilidhani tumemaliza, nikageuka kumchukua Kijiko. Nikasikia kitanda kinalia. Mama alikuwa amejivuta, ameufunua mguu wa kulia wenye bendeji, anauangalia yeye mwenyewe kwa mashaka. Kisha akaunyanyua kwa mikono yake akauweka mapajani mwangu.

"Na huu je?"

Niliuweka mkono juu ya bendeji, juu ya pale palipokuwa na kidole. Niliogopa kukuta moto wa usaha, niliogopa kukuta ubaridi wa kitu kilichokufa. Nikangoja mpaka nikawa na hakika.

"Una joto, mama," nikamwambia. "Joto la mtu tu."